Jibu Lililohifadhiwa kwa Jina Jingine: Uchambuzi wa Kisa cha Aristolochia

Kati ya mwaka 1991 na 1992, madaktari wa figo mjini Brussels, Ubelgiji, walipokea wanawake kadhaa wenye umri wa chini ya miaka 50 ambao figo zao zilikuwa zikiharibika kwa kasi isiyo ya kawaida. Kipande kidogo cha figo kilipochukuliwa na kutazamwa kwa hadubini, kilionyesha sura iliyowashangaza hata wazoefu: vichujio vya damu vilikuwa vimesalimika kwa kiasi kikubwa, ilhali mirija midogo inayovizunguka ilikuwa imenyauka na kutoweka, na mahali pake pamejaa kovu lenye seli chache mno. Figo za namna hiyo hupungua ukubwa, na baada ya miezi michache baadhi ya wagonjwa hao walikuwa tayari wanahitaji kusafishwa damu kwa mashine.

Walichokuwa nacho kwa pamoja ni kliniki moja ya kupunguza uzito. Kliniki hiyo ilikuwa imewahudumia wateja kwa takriban miaka 15 bila tatizo la figo kujulikana, lakini mwezi Mei mwaka 1990 ilibadilisha mchanganyiko wa dawa zake kwa kuongeza unga wa mimea miwili ya tiba ya Kichina, mmoja ukiwa umeandikwa kuwa ni Stephania tetrandra na mwingine Magnolia officinalis. Jean-Louis Vanherweghem na wenzake walichapisha habari za wagonjwa tisa mwaka 1993. Kadiri uchunguzi ulivyoendelea, idadi ya waliougua ilipita 100, na inakadiriwa kwamba waliotumia dawa hizo walikuwa kati ya 1,500 na 2,000, maana yake takriban watu 5 katika kila 100 waliishia kupata maradhi hayo ya figo.

Ninakirudia kisa hiki, ambacho kimekwisha kuandikwa sana na wataalamu wa figo, kwa sababu nadhani sisi tunaoshughulika na upimaji wa usalama wa dondoo za mimea (vitu vilivyokamuliwa kutoka kwenye mimea) kwa wanyama wa maabara hatujakisoma kwa macho yetu. Kwa kawaida hutajwa kama onyo dhidi ya dawa za mimea, au kama kielelezo cha mauzo yasiyodhibitiwa. Mimi nakiona kama kisa cha jaribio la maabara: wanyama walikuwa wamekwisha kutoa jibu miaka kadhaa kabla ya mgonjwa wa kwanza kufika hospitalini, ila jibu lenyewe lilikuwa limehifadhiwa chini ya jina la mmea, Aristolochia, ambao hakuna aliyejua kwamba ndio uliokuwa ndani ya vidonge.

Unga uliobeba jina lisilo lake

Katika tiba ya Kichina, jina fang ji hutumika kwa mizizi ya mimea zaidi ya mmoja. Han fang ji ni Stephania tetrandra. Guang fang ji ni Aristolochia fangchi, mmea wa familia nyingine kabisa. Mizizi ikishakaushwa, ikakatwa na kusagwa, jicho haliwezi tena kuitofautisha, na mfanyabiashara anayeagiza fang ji anaweza kupokea mmoja kati ya hiyo miwili bila mtu yeyote kukusudia udanganyifu. Uchunguzi wa kikemikali uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba unga uliokuwa ukiuzwa Ubelgiji kama Stephania kwa sehemu kubwa haukuwa na tetrandrini, alkaloidi inayoutambulisha mmea huo, bali ulikuwa na asidi ya aristoloki, kemikali ambayo Stephania haina.

Tafakari matokeo yake kwa mtu wa maabara. Tuseme mwaka 1989 kliniki ile ilikuwa makini kuliko tunavyodhani, ikaiomba maabara kupima usalama wa Stephania tetrandra kwa panya, nayo maabara ikapata mizizi halisi iliyotambuliwa na mtaalamu wa mimea. Jaribio lingefanyika vizuri, ripoti ingekuwa ya kweli kila mstari, na isingemkinga hata mgonjwa mmoja, kwa sababu ingehusu kitu tofauti na kile kilichokuwa kinamezwa. Kwa hiyo swali la kwanza la usalama hujibiwa na mtaalamu wa mimea mwenye sampuli rejea iliyokaushwa na kuhifadhiwa hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa), na mkemia mwenye kromatografia, mbinu ya kutenganisha kemikali, inayothibitisha kwamba kila shehena ina alama za kemikali zinazotarajiwa na haina zile zisizotarajiwa, kabla panya hajaguswa. Bado nasoma makala ambamo sehemu ya utambuzi wa mmea imepewa mstari mmoja unaosema kwamba majani yalinunuliwa sokoni, kisha kurasa nane zinaeleza uzito wa maini. Huko ni kuwaua wanyama kwa ajili ya swali ambalo halijaulizwa.

Jaribio la siku 14 lingesema nini?

Sasa tuchukulie kwamba unga wenyewe, ule ule uliokuwa kwenye vidonge, ndio ulioletwa maabara. Jaribio ambalo maabara nyingi zenye bajeti ndogo hulifanya kwanza, na mara nyingi huishia hapo, ni lile la sumu kali: dozi moja, kisha siku 14 za kutazama. Asili yake ni kazi ya J. W. Trevan ya mwaka 1927, aliyependekeza kutafuta dozi inayoua nusu ya wanyama, ile inayoandikwa LD50. Jaribio la namna ya zamani, lililohitaji wanyama wengi, liliondolewa mwaka 2002 kwenye miongozo ya OECD, shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi, na nafasi yake ikachukuliwa na mbinu zinazotumia wanyama wachache, kama mwongozo namba 423 ambao kila hatua huhitaji panya watatu wa jinsia moja, kwa kawaida majike. Kwa dondoo inayodhaniwa kuwa haina sumu kubwa, huanzwa moja kwa moja na dozi ya mpaka ya miligramu 2,000 kwa kila kilo ya uzito wa mnyama.

Anayefanya kazi hii anaijua kwa mikono. Panya amenyimwa chakula usiku kucha, anapimwa uzito, ujazo wa dawa unakokotolewa kwa uzito wake wa asubuhi hiyo, anashikwa shingoni na mgongoni ili kichwa kisigeuke, kisha sindano butu yenye ncha ya mviringo inapitishwa pembeni mwa mdomo, taratibu, hadi tumboni, bila kulazimisha, kwa maana ukilazimisha unaweza kuipeleka kwenye njia ya hewa na kumuua mnyama kwa kosa lako mwenyewe, kisha kifo hicho kikaandikwa kwa jina la mmea. Baada ya hapo ni kutazama: manyoya kusimama, kutetemeka, kuharisha, usingizi, pumzi. Siku ya 14 panya wanapimwa uzito kwa mara ya mwisho, wanauawa kwa utaratibu wa kibinadamu, wanapasuliwa, na viungo vyao vinatazamwa kwa macho.

Unga wa Aristolochia ungepita jaribio hilo. Hesabu yake si ngumu. Ulrich Mengs alionyesha mwaka 1987 kwamba LD50 ya asidi ya aristoloki ikitolewa kwa mdomo ni kati ya miligramu 56 na 203 kwa kilo, kutegemea kama ni panya wa kawaida au wale wadogo, na kama ni dume au jike. Tuseme gramu moja ya unga ina miligramu moja ya asidi hiyo. Panya aliyepewa miligramu 2,000 za unga kwa kilo atakuwa amepata miligramu 2 tu za asidi kwa kilo, na hata kile kiwango cha chini kabisa cha 56 ni mara 28 zaidi. Hata maabara ikitengeneza dondoo iliyokoleza kemikali hiyo mara 10, panya atapata miligramu 20, nazo bado hazifiki. Hakuna atakayekufa, uzito utaongezeka, viungo vitaonekana salama, na ripoti itaandika sentensi tuliyoizoea, kwamba LD50 ni zaidi ya miligramu 2,000 kwa kilo na kwa hiyo dondoo ni salama.

Nusu ya kwanza ya sentensi hiyo ni kipimo. Nusu ya pili haitokani nayo. Neno «kwa hiyo» ndilo linalobeba mzigo wote, na halina nguvu ya kuubeba, kwa sababu kutokufa ndani ya wiki mbili baada ya dozi moja hakumwambii mtu anayekunywa dawa kila siku kwa mwaka mzima chochote kuhusu figo zake. Ikumbukwe pia kwamba uchunguzi wa tishu kwa hadubini si sharti katika jaribio la sumu kali. Mwaka 1993 Mengs na mwenzake walionyesha kwamba dozi moja kubwa ya asidi hii huua seli za mirija ya figo za panya ndani ya siku tatu tu, lakini walilijua hilo kwa sababu walizitazama figo hizo kwa hadubini. Figo inayotazamwa sinia likiwa mezani, nyekundu na nyororo, inaweza kuwa imekwisha kuumia.

Panya wa mwaka 1982

Kemikali yenyewe haikuwa ngeni hata kidogo. Mwaka 1964 madaktari wa Marekani walichapisha matokeo ya kuijaribu asidi ya aristoloki kama dawa ya saratani kwa wagonjwa, na waliachana nayo kwa sababu ilidhuru figo. Licha ya hayo, dawa zenye asidi hiyo ziliendelea kutumika Ujerumani. Waliozifungua macho mamlaka za huko ni panya. Mengs na wenzake waliwapa panya wa aina ya Wistar asidi hiyo kwa mdomo kila siku kwa miezi mitatu, kwa dozi za ngazi mbalimbali, ya juu ikiwa miligramu 10 kwa kilo na ya chini 0.1, na wakakuta uvimbe na saratani katika tumbo la mbele, huku idadi yake ikiongezeka kadiri dozi ilivyoongezeka. Ujerumani iliziondoa dawa hizo sokoni mwaka 1981, na matokeo yalichapishwa mwaka 1982.

Miaka minane kabla ya kliniki ya Brussels kuagiza unga wake, basi, fasihi ya kisayansi ilikuwa na jaribio la wanyama lenye muda wa kutosha na dozi tatu, lililosema waziwazi kwamba kemikali hii huleta saratani. Hakuna aliyelipuuza. Mtu anayetafuta habari za usalama wa Stephania tetrandra asingelikuta tu, kwa sababu hakuwa na sababu ya kutafuta Aristolochia. Nikifikiria wanyama waliotumika mwaka ule, najiona nina deni kwao la kuhakikisha kwamba matokeo yao yanafika pale yanapohitajika, na njia pekee ya kuyafikisha ni kujua kwa hakika ni kemikali gani iko ndani ya chupa.

Figo ambazo panya hakuzionyesha

Hapa ndipo kisa kinapokuwa kigumu, na ndipo ninapowaomba wasomaji wa fani hii wasiharakishe.

Tumbo la mbele ni sehemu ya tumbo la panya ambayo binadamu hana. Mkaguzi aliyesoma jaribio la 1982 peke yake angeweza kujenga hoja, na hoja za aina hiyo hujengwa kila mwaka, kwamba uvimbe huo ni jambo la panya na haumhusu mtu. Tena, baada ya maafa, Jean-Pierre Cosyns na wenzake walipojaribu kuurudia ugonjwa wa Brussels kwa panya, kwa kuwapa asidi hiyo pamoja na dawa nyingine za mpango ule wa kupunguza uzito, walipata saratani za tumbo la mbele lakini hawakupata makovu ya figo. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1998. Jaribio la miezi mitatu, la kiwango kinachoheshimika, kwa kemikali iliyokwisha kuharibu figo za watu zaidi ya 100, halikuonyesha ugonjwa huo wa figo.

Ugonjwa ulipatikana baadaye kwa wanyama wengine na kwa mazingira mengine. Sungura waliodungwa miligramu 0.1 tu kwa kilo, siku tano kwa wiki, kwa muda wa miezi 17 hadi 21, walipata kovu la figo linalofanana na la wagonjwa, pamoja na seli zilizobadilika kwenye njia ya mkojo. Mwaka 2002 Frédéric Debelle na wenzake waliupata kwa panya wa Wistar ndani ya siku 35, ila panya hao walikuwa wamepunguziwa chumvi mwilini kwa dawa ya kuongeza mkojo na chakula chenye chumvi kidogo, na walidungwa chini ya ngozi miligramu 10 kwa kilo. Tofauti kati ya panya wa 1998 na hawa wa 2002 inafaa kukaliwa na kufikiriwa: kemikali ni ile ile, jamii ya mnyama ni ile ile, lakini njia ya kuitoa imebadilika na hali ya mwili imebadilika. Wagonjwa wa Brussels nao walikuwa wakipewa dawa ya kuongeza mkojo pamoja na za kupunguza hamu ya kula. Sisemi kwamba hiyo ndiyo sababu ya ugonjwa wao, maana ugonjwa kama huu umewapata watu wasiotumia dawa hizo. Nasema kwamba panya mchanga, mwenye afya, aliyeshiba, anayekunywa maji apendavyo, ni mfano dhaifu wa mtu anayefunga kula huku akimeza dawa sita.

Liko pia suala la idadi, nalo huwa tunalipita haraka. Mwongozo wa OECD namba 408, wa siku 90, huhitaji angalau madume 10 na majike 10 kwa kila dozi. Tukichukulia kwamba panya wa dozi inayolingana na ya binadamu wangeugua kwa kiwango kile kile cha 5 katika 100, uwezekano wa wote 20 kubaki wazima ni 0.95 ikizidishwa kwa yenyewe mara 20, yaani takriban 0.36. Zaidi ya mara moja katika kila majaribio matatu, kundi zima lingetoka safi. Ndiyo sababu dozi za juu huwekwa mbali juu ya ile ya binadamu, na ndiyo sababu mtafiti anayepunguza dozi zake ili asione madhara, kwa hoja kwamba «hakuna mtu atakayekunywa kiasi hicho», analiondolea jaribio uwezo pekee lililokuwa nao.

Ningedai nini kabla ya kutia saini

Kama dondoo la mmea wa familia isiyofanyiwa utafiti wa kutosha lingewekwa mbele yangu leo, na dawa ikakusudiwa kutumika kwa miezi mingi, nisingeanza na panya. Ningeanza na hebaria na kromatografia, kisha ningepeleka dondoo kwenye jaribio la bakteria la kupima mabadiliko ya vinasaba. Asidi ya aristoloki ilionyesha madhara katika jaribio la namna hiyo, kwa bakteria wa Salmonella, mapema miaka ya 1980. Ni jaribio la siku chache lisilohitaji mnyama hata mmoja. W. M. S. Russell na R. L. Burch walipoweka mwaka 1959 kanuni zao tatu, za kutafuta mbadala wa wanyama, kupunguza idadi yao na kupunguza mateso yao, wengi walizichukua kama mzigo wa maadili juu ya sayansi. Katika kisa hiki maadili na sayansi vinadai kitu kimoja: hatua ambayo ingewaepusha wanyama ndiyo hiyo hiyo iliyotoa ishara mapema.

Baada ya hapo ningedai siku 90, si 28, zenye hadubini kwenye figo za kila mnyama wa kundi la kulinganishia na wa dozi ya juu, na mkojo upimwe protini, wala isitegemewe kreatinini ya damu, taka ambayo figo huichuja, peke yake. Kreatinini hupanda pale ambapo sehemu kubwa ya uwezo wa figo imekwisha kupotea, na mirija inaweza kufa kimya huku namba ya damu ikibaki ndani ya kiwango cha kawaida. Ningetaka pia mnyama wa pili asiye wa jamii ya panya, na nisingekubali uvimbe wa tumbo la mbele ufutwe kwa hoja ya maumbile kabla ya kujibiwa swali moja: je, kemikali inagusa DNA? Ikiwa inaigusa, mahali uvimbe ulipotokea kwa panya si habari ya kutuliza, kwani kiungo kitakachoathirika kwa binadamu kinaweza kuwa kingine.

Na ningedai kundi la wanyama linaloachwa hai baada ya dawa kusimamishwa, kwa muda mrefu kuliko wiki mbili au nne tunazozitoa kwa shingo upande. Wagonjwa wa Brussels waliacha vidonge, na figo zao ziliendelea kufa. Mwaka 1996 alama za asidi ya aristoloki zilizogandamana na DNA zilipatikana katika figo za wagonjwa hao, muda mrefu baada ya vidonge kwisha. Joëlle Nortier na wenzake walieleza mwaka 2000 habari za wagonjwa 39 waliokubali kuondolewa figo na mirija ya mkojo ambavyo havikuwa vikifanya kazi tena, kama kinga: 18 kati yao walikutwa tayari wana saratani ya njia ya mkojo, na hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa waliokunywa jumla ya zaidi ya gramu 200 za unga. Mwaka 2002 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka mimea yenye asidi hiyo katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Ilikuwa imepita miaka 20 tangu panya wa Mengs.